Tusi Nililomtupia Wifi Mferejini

Watu wa huku Akheri wakitaka kunisifu husema bibi yule anakumbuka. Wakitaka kunisema husema bibi yule ana mdomo. Yote mawili ni kweli. Nilisoma mpaka darasa la nne nikatolewa nikachunge ndama, kwa hiyo mambo yangu yote nimeyaweka kichwani. Nawajua kwa majina wanaume wote waliochimba mfereji unaopita juu ya shamba langu, na wake zao, na nani alikuwa na zamu ya siku gani tangu nilipoletwa hapa bibi arusi. Majina hayo humu siyaandiki. Wengine wako hai, na huyo hasa ninayetaka kumsema ni wifi yangu, ambaye akisoma atajijua bila kuitwa.

Mfereji wenyewe si mkubwa, mtu mzima anauruka. Unaanzia mtoni, kule juu karibu na msitu, unapita kwa wifi, unashuka kwangu, halafu kwa nyumba nyingine kumi na kitu mpaka unakwenda kuishia kwenye majani ya ng'ombe ya mwalimu mmoja mstaafu. Kila nyumba ina zamu yake. Ya kwangu ilikuwa Jumanne, kuanzia kupambazuka mpaka saa sita mchana. Ilikuwa ya baba mkwe, ikawa ya mume wangu, na mume wangu alipofariki ikabaki kwangu, kwa sababu mjane huku haondolewi kwenye maji. Zamu haina karatasi. Mwenye zamu akichoka anasimama kwenye kikao cha mfereji na kusema mbele ya watu kwamba kuanzia leo atafungua fulani. Wasipopinga, imekwisha.

Nilichokuwa nakitaka mwaka ule ni hicho tu, nisimame nimtaje binti yangu. Aliolewa Kisongo, akarudi nyumbani na watoto wawili na kovu juu ya jicho ambalo alisema alijigonga mlangoni. Sikumwuliza mara ya pili. Nilimpa shamba la chini, akapanda kabichi na karoti, na kwa miaka minne mimi nimekula kwa mkono wake. Magoti yangu yamekwisha. Nikifa bila kumtaja, wanaume wa ukoo wataigawana Jumanne yangu kabla maua ya kaburini hayajakauka, na lile shamba bila maji, ikifika mwezi wa pili, ni vumbi. Kikao kilikuwa kimepangwa mwisho wa mwezi huo wa pili. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu.

Sasa huyo wifi. Ni binti wa baba yake mdogo mume wangu. Yeye amezaliwa hapa na mimi nimeletwa, lakini mimi nimemtangulia duniani kwa miaka kumi na nne, nami sijawahi kumruhusu alisahau hilo. Aliolewa Machame akarudi bado msichana, hana mtoto, na baba yake akamkatia kipande juu ya mfereji. Kaka zake wakanuna mpaka wakachoka wenyewe. Ni mchapakazi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nampenda.

Na mdomo huu nao una mahali ulipotoka. Nilipokuwa kijana mume wangu alikuwa na kazi ya gereji mjini, tukapanga chumba Daraja Mbili, kwenye nyumba yenye ua mmoja na wapangaji sita, wengi wao Waislamu waliotoka pwani na Kondoa. Palikuwa na mama wa Kitanga na mama mwingine wa chumba cha mbele, na kila siku ya Mungu waligombania kamba ya kuanikia nguo. Yule wa mbele alikuwa anajua kutukana. Alikuwa anaanzia kwenye miguu yako na kupanda taratibu mpaka kwa bibi yako mzaa mama, wala harudii neno. Mama wa Kitanga alikuwa amekaa kwenye kibao chake anachambua mchele, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Umemaliza, mwenzangu? Haya, sasa tuzungumze kamba." Na kamba alikuwa anaipata. Miaka sita nimekaa pale, kamba ilikuwa yake mara zote. Lakini mimi nilimwiga yule wa mbele, maana maneno yake yalikuwa matamu zaidi.

Niliporudi Akheri nikawa na sifa. Mtu akinidhulumu kwenye mizani ya kahawa nilikuwa namwambia jambo ambalo watu wangelisimulia mpaka Krismasi. Mama mkwe mwenyewe alinikoma. Nilidhani huko ndiko kushinda.

Jumanne hiyo ninayoisema nilikwenda shambani alfajiri, nikakuta mfereji mkavu. Si mkavu kabisa, ulikuwa na lile tope la kung'aa linalokuonyesha kwamba maji yalikuwepo jana. Nilipanda kidogo kidogo nikishika migomba. Binti yangu alikuwa nyuma yangu na jembe. Kwa wifi nikaona gogo la mgomba limelazwa mferejini, limekandikwa udongo safi, na maji yote yanaingia kwenye nyanya zake.

Wifi alinyoosha mgongo, akasema, "Habari za asubuhi, wifi." Habari za asubuhi. Mimi wa miaka sabini na saba. Shikamoo anaijua, huwa anaitoa hata kwa watu wa mitambo wanaopita kupima barabara. Nikamjibu salama, lakini moyoni nikawa nimeshaandika.

Tulianza vizuri. Nilimwuliza leo siku gani, akasema Jumanne. Nikamwuliza Jumanne ni ya nani, akasema ni yangu, lakini ana jambo. Akaegemea jembe akalieleza. Alisema msaragambo wa kuzibua mfereji umeitwa mara mbili tangu mvua za vuli zikatike, na mara zote mbili kwangu hakutoka jembe. Nyumba isiyotoa jembe mara mbili inapunguziwa maji, ndiyo sheria ya kamati, nami naijua. Kwa hiyo yeye amechukua saa mbili za kwanza, na saa mbili kamili atanifungulia mwenyewe.

Msomaji asiyetoka huku naomba anisikilize kidogo hapa. Siku ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Lakini mjane mzee hatoi jembe, anatoa chungu. Anapika loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, anaipeleka mferejini saa nne, wachimbaji wanakula, na chungu hicho kinahesabiwa kama jembe lake. Mimi nilikuwa nimepeleka chungu mara zote mbili. Na wifi alikuwa amekula. Mara ya pili alirudia, akakwangua mpaka chini, akasema leo maziwa yamekolea. Nilikuwa na mashahidi kama kumi na nane. Ningeweza kuwataja mmoja mmoja na mahali kila mmoja alipokuwa amekaa.

Jibu hilo lilikuwa hapa mdomoni. Nilianza hata kulitoa, nikasema, chungu changu ulikila wewe mwenyewe. Akasema, "Nilikila. Chungu ni chako wewe, mjane. Nyumbani kwako kuna mtu ana mikono."

Akamtazama binti yangu.

Nimelifikiria jambo hilo siku nyingi baadaye, nikiwa sina la kufanya. Kama ningekuwa mama wa Kitanga ningeshika hapo hapo. Ningesema haya, tuzungumze mikono, tupeleke kamatini, chungu kinalinda mtu au kinalinda nyumba. Lilikuwa swali, na swali lina majibu. Lakini ndani yangu nilijua kwamba huenda yeye ana haki. Mimi ndiye niliyemzuia binti yangu asiende msaragambo, nikamwambia kaa na kabichi zako, chungu kinatosha. Mtu anayejua kwamba huenda amekosea hataki mazungumzo yaendelee. Anataka jambo la kuyafunga.

Basi nikamwambia hana adabu, nyanya zake zinanuka wizi. Akasema wifi, tuzungumze maji. Nikamwambia anajifanya kidume. Akasema yeye amezaliwa juu ya mfereji huu, mimi nimeletwa nikiwa mkubwa, asifundishwe zamu na mtu wa kuletwa. Hapo ndipo nikaona mlango.

Nikasema, "Mimi nililetwa nikakaa. Wewe ulipelekwa Machame wakakuonja wakakutema. Mwanamke aliyerudishwa hana maji. Anakunywa ya kuombewa na baba yake, na baba yake amekufa."

Palikuwa na wanawake wawili njiani, wanateremsha ndizi kwenda sokoni Tengeru. Walisimama na mikungu yao kichwani.

Wifi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umesemaje?"

Mwenye akili angesema hakuna kitu. Mimi nikarudia yote tangu mwanzo, nikaongeza na habari ya tumbo lake, ambayo siiandiki. Na nilitamka vizuri, kwa mpangilio, nikigeukia kidogo upande wa wale wanawake ili wasikie.

Wifi hakurudisha tusi. Aliingia mferejini na viatu vyake, akavuta lile gogo la mgomba, maji yakashuka kwangu yote. Akasema, "Maji hayo. Maneno yako nimeyachukua." Akaenda zake nyumbani.

Nilinyweshea mpaka saa sita kwa raha kubwa. Nilifungua mifereji midogo mwenyewe kwa mguu, magoti yanalia, mimi nacheka peke yangu. Nilipotaka binti afunge upande wa karoti ndipo nikaona hayupo. Jembe lake lilikuwa limelazwa kwenye tuta.

Nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokuwa tayari safi. Alikuwa hanitazami.

"Mama," akasema, "mwanamke aliyerudishwa hana maji?"

Nikamwambia yale hayakuwa yake, yalikuwa ya shangazi yake. Akaniuliza yeye alirudije. Nikasema yake ni tofauti. Akaniuliza tofauti gani, nimwambie tu, anataka kujua. Nikatafuta. Mtu ninayejua majina ya watu wa mifereji mitatu nilikaa pale kwenye kigoda nikatafuta tofauti nisiione. Wote wawili walipelekwa, wote wawili walirudi, na hakuna aliyerudi kwa sababu alichoka kupendwa. Na kwa kuwa sikuiona nikakasirika tena. Nikamwambia kama amechoka na mdomo wangu, barabara ya Kisongo anaijua.

Hilo nalo nililisema. Sitalificha humu halafu nihesabu makosa ya wifi tu.

Kuanzia siku ile binti yangu alinisemesha kupitia watoto. "Mwambieni bibi chakula kiko mezani." "Mwulizeni bibi kama dawa ya presha ameshameza." Nami nilikuwa nawajibu hao hao, mwambieni mama yenu nimeona. Tulikaa hivyo wiki tatu, chumba na chumba, tunasikiana tunavyokohoa.

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, mashine ikazimwa. Mwenyekiti wa mfereji ni mwanaume niliyemwona akizaliwa, na nilikuwa nimejipanga vizuri. Nilivaa kitenge kipya. Nilikuwa nimeamua nisimame mapema, nimtaje binti, tumalize, hata kama hanisemeshi. Lakini kabla sijainuka, wifi alikuwa ameshaomba nafasi.

Nilijua atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina akiba yake ya kutosha. Hakunitukana. Aliwasimamisha wale wanawake wawili wa ndizi, wakasema walichosikia, neno kwa neno, hawakupunguza wala hawakuongeza. Kusikia maneno yako yanatoka kwenye kinywa cha mtu asiye na hasira ni jambo baya. Yale niliyoyaona matamu asubuhi ile, pale kwenye uwanja wa mashine yalikuwa kama nguo za ndani zimeanikwa barabarani.

Halafu wifi akasema hakuja kudai faini. Akasema, "Naomba kikao kikubali maneno ya wifi yangu. Kama ni kweli aliyerudishwa hana maji, mimi nitang'oa nyanya zangu kesho. Na binti yake naye hana, ang'oe kabichi. Kama si kweli, wifi aseme hapa kwamba si kweli. Sina zaidi."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuona mtu amenaswa. Nikasimama nikasema habari ya chungu. Nilisema alikula loshoro yangu mara mbili, nikaanza kuwataja waliokuwepo, mmoja mmoja. Mwenyekiti akaninyooshea mkono, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba habari ya chungu ni habari nzuri, kama ningeileta peke yake wangeisikiliza asubuhi nzima, lakini sasa wako kwenye maneno, niyajibu maneno kwanza. Mwanaume mmoja wa nyuma akasema mdomo wa bibi huyu ungekuwa jembe, mfereji ungefika mpaka Kisongo. Wakacheka wote, na mwalimu mstaafu akapangusa macho.

Huyo wa nyuma namjua. Najua mama yake alivyompata na najua nani alilipa. Nilifungua kinywa. Binti yangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, anachora chini kwa kidole cha mguu, na nilipofungua kinywa kidole kilisimama. Nikafunga.

Hapo ndipo shemeji yangu akainuka, mdogo wake marehemu mume wangu. Hajawahi kusimama upande wangu tangu tulipomzika kaka yake. Siku hiyo alisimama. Akasema kwa sauti ya mzee wa kanisa kwamba yeye anaona bibi amesema kweli. Mila ndiyo hiyo. Binti akiolewa ameondoka na maji yake yako huko alikoolewa. Tumelegeza mno, sasa kila anayegombana na mumewe anarudi na ndoo. Anaunga mkono maneno ya shemeji yake, na anapendekeza zamu za waliorudi zirudi kwenye ukoo, wagawane wenye nyumba.

Wanaume wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Si kwa kuwa wananipenda. Nilimwona shemeji anavyowatazama, nikaelewa kwamba jambo hilo walikuwa nalo siku nyingi, walikosa tu mtu wa kulisema kwanza, na mimi nimewasaidia. Tusi langu lilikuwa limeshapata miguu. Lilikuwa linakwenda kwa wifi, kisha linashuka mfereji mpaka kwangu.

Mwenyekiti akaniuliza, bibi, unayashikilia maneno yako au unayaacha?

Nikasema nayaacha. Shemeji akasema haiwezekani, neno la mila haliachwi kama chombo. Mwenyekiti akaniambia basi niseme kwa ukamilifu, ili watu wasije wakasema baadaye. Nikasema, "Nilisema wifi hana maji. Nilisema uongo. Maji anayo. Alizaliwa nayo, akaenda nayo, akarudi nayo."

Nilikuwa namtazama wakati nasema, nikidhani atainamisha macho. Hakuinamisha. Alinisikiliza kama mtu anayehesabu mbegu. Akasema, "Na lile lingine, la tumbo." Nikasema na lile lingine. Akasema asante, akakaa. Uso wake ulikuwa mgumu kuliko ulivyokuwa siku ya mfereji, na ningesema uongo mwingine nikisema kwamba mimi wakati ule niliona huruma. Niliona chuki tupu. Nilikuwa nimemkubalia jambo la haki mbele ya watu, na nilimchukia kwa hilo kuliko alivyonichukia yeye kwa tusi.

Adhabu ya matusi kwenye maji ipo tangu zamani, baba mkwe ndiye aliyeipendekeza, nakumbuka hata koti alilovaa. Nyumba inakosa zamu nne. Na mwenye adhabu hawezi kukabidhi zamu mpaka kikao kingine, yaani mpaka mwakani. Nilipokumbushwa hilo nikakaa chini bila kuambiwa. Mwakani ni mbali kwa mtu wa umri wangu. Shemeji alikuwa ameshaanza kunong'ona na jirani yake.

Binti yangu akainuka. Sikumwona anainuka, nilisikia tu sauti yake. Alisalimia wazee, akasema yeye haombi kukabidhiwa na mama, anaomba mwenyewe. Shemeji akamwuliza anaomba kwa jina la nani, la mume au la baba. Akasema la kwake.

Akasema hivi, namnukuu yote, maana ni maneno ya mwanangu. "Shangazi alisema kweli kuhusu jembe, na mama alisema kweli kuhusu chungu. Chungu ni cha mjane. Mimi si mjane, nina mikono, nilikosea kukaa nyumbani. Kuanzia msaragambo ujao nitatoka na jembe, na mkitaka nitazibua na kipande cha mama pia. Lakini mdomo wa huyu bibi si wangu. Msinihesabie."

Huyu bibi. Alinionyesha kwa kidevu.

Shemeji akasema maneno mazuri hayabadilishi mila. Binti akamwuliza, baba mdogo, siku ya msaragambo wa pili wewe ulikuwa wapi? Akasema alikuwa na mgeni. Akamwuliza na wa kwanza? Watu wakaanza kuguna. Binti hakumwambia mvivu, hakumwambia mwizi wa maji, ingawa yote mawili yangemkaa kama shati. Aliuliza tu akasubiri, na shemeji akawa anatafuta pa kuweka mikono yake. Mwenyekiti akamgeukia wifi, kwa kuwa ndiye wa juu yetu na maji yanapita kwake, akamwuliza kama anapinga. Wifi alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia binti yangu.

"Sipingi," akasema. "Lakini yule asije mferejini."

Yule ni mimi.

Wakaamua hivyo. Binti amepewa Jumanne, baada ya zamu nne za adhabu, kuanzia kupambazuka mpaka saa nne, saa mbili zilizobaki zikapewa watu wa chini ambao walikuwa hawajasema neno kikao kizima. Na mimi nisikanyage ukingo wa mfereji siku ya zamu. Nilitoka uwanjani peke yangu. Nyuma yangu wakawasha mashine.

Zamu nne za mwezi wa tatu ni kiangazi chote kilichobaki. Binti alibeba maji mtoni kwa ndoo, akaokoa matuta sita ya kabichi katika kumi na nne. Karoti zote ziliungua kwa jua. Nilijaribu siku moja kubeba kidumu cha lita tano, akanipokea njiani bila kusema kitu, akaenda nacho, akanirudishia kikiwa kitupu mlangoni. Hatukuwa tunagombana. Ugomvi ningeupenda, naujua. Alianza kunisemesha tena moja kwa moja mvua zilipokaribia, lakini mambo ya kazi tu, mbegu, ng'ombe, ada. La Kisongo hajawahi kulitaja na mimi sijapata namna ya kulitaja. Wifi tunapeana mkono kanisani kwa kuwa mchungaji anasema tupeane.

Jumanne yake ya kwanza nilibaki nyumbani kama nilivyoamriwa. Nilikaa barazani nikimenya ndizi, mita kama mia kutoka mferejini, migomba katikati, sioni kitu lakini nasikia kila kitu. Saa nne kasoro nikasikia sauti ya wifi, akisema muda umekwisha, afunge. Binti akasema bado, kwenye simu yake ni saa nne kasoro dakika kumi na tano. Wifi akasema simu ya binti imechelewa. Binti akasema ya shangazi imewahi. Wakaendelea. Wifi akaleta habari ya maji yaliyopotea kwenye ukingo uliobomoka, binti akasema ukingo umebomoka upande wa juu, wifi akasema umebomoka kwa sababu ya mbuzi, binti akauliza mbuzi wa nani. Sauti zilipanda kweli kweli. Zilipanda mpaka mimi nikaacha kisu.

Nilisubiri. Nasema ukweli, nilisubiri kwa hamu. Nilijua mahali pake, nilijua kabisa ni hapa sasa, kwenye mbuzi, mmoja wao atamwambia mwenzake mrudishwa, au tasa, au mtoto wa yule mwenye mdomo. Nilikuwa na maneno mawili matatu tayari, ya kila upande, nikayasema polepole pale barazani nikiwa na ganda la ndizi mkononi.

Hakuna aliyeyasema. Wakarudi kwenye ukingo, wakarudi kwenye mbuzi, wakapatana kitu fulani cha dakika kumi ambacho sikukisikia vizuri, na jembe likaanza kugonga udongo. Binti alirudi saa nne na nusu, tope mpaka magotini, amekunja uso. Nikamwuliza shangazi yake amemwambia nini.

"Habari za maji," akasema, akapita kwenda kunawa.